Hukumu ya kufanyia biashara gemu za kunakiliwa

Tuchukue mfano wa kijana wa Kizanzibari anayeendesha kibanda cha gemu Bagara, mjini Babati. Gemu zake zote aliwekewa kwenye flashi bila wenyewe kulipwa kitu. Wachezaji anawatoza, na sehemu ya pato huwatumia wazazi wake Pemba. Je, pato hilo ni halali?

Asili ni kwamba mali ya mtu haichukuliwi bila ya ridhaa yake. Suratun-Nisaa, aya ya 29, imekataza kuliana mali kwa batili. Gemu haishikiki mkononi, lakini imetolewa jasho na ina thamani. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano nchini Kuwait mwaka 1988, ilipitisha kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sharia, wala haijuzu kuzivunja. Sheria za hakimiliki za nchi nazo zipo: ya Bara ya mwaka 1999, ya Zanzibar ya mwaka 2003.

Wapo wanavyuoni waliolegeza katika nakala ya matumizi binafsi. Kijana huyu anafanya biashara, hivyo ruhusa hiyo haimfikii.

Tunamnasihi aache, atubie na amlipe mwenye haki. Akishindwa kumfikia, atoe sadaka kwa niaba yake. Akinunua gemu halisi, asome masharti yake kwanza, kwani mengi huruhusu matumizi ya nyumbani tu. Wazazi nao wamwambie kwa upole kuwa kidogo cha halali kinawatosha.

Wallahu a'alam.