Nokia na Imani Iliyopotea



Mhariri ameniomba niandike historia. Kwa kuwa ya shule yetu imekwisha kuandikwa sana katika kurasa hizi, nimechagua ya kitu ambacho karibu kila mmoja wetu amepata kukishika: simu ya Nokia. Tukikutana, wengi husema kwa mkato kwamba Nokia iliuawa na iPhone ya mwaka 2007. Mimi sikubaliani nao. iPhone iliijeruhi tu. Kilichoimaliza ni kubadili mfumo endeshi, yaani ile programu mama ya simu, mara kwa mara hata watu wakaacha kuiamini.

Nokia ilianza mwaka 1865 huko Finland kama kiwanda cha malighafi ya karatasi. Mambo ya simu yalikuja baadaye sana. Mwaka 1998 iliungana na Ericsson, Motorola na Psion kuunda kampuni ya Symbian. Mfumo wa Symbian uliwatesa watunga programu, lakini ulienea: hata mwaka 2010, zaidi ya theluthi moja ya simu-janja zilizouzwa duniani zilikuwa nao.

Pembeni Nokia ilikuwa ikilea mfumo mwingine, Maemo. Simu yake, N900, ilitoka Novemba 2009. Februari 2010 Nokia na Intel wakatangaza kwamba Maemo itaunganishwa na mfumo wa Intel, izaliwe MeeGo. Aliyenunua N900 wakati wa Krismasi alikuwa hajaizoea vizuri, na tayari mfumo wake umepewa mrithi.

Watunga programu walitulizwa kwa Qt, chombo cha kutungia programu ambacho Nokia ilikipata ilipoinunua kampuni ya Trolltech ya Norway mwaka 2008. Waliahidiwa kwamba wakitunga kwa Qt, kazi yao itafaa kwenye Symbian leo na MeeGo kesho. Kwa maoni yangu huo ulikuwa mpango wa busara kuliko yote. Watu wakakaa chini, wakajifunza.

Septemba 2010 Stephen Elop, kutoka Microsoft, akawa mkuu wa Nokia. Tarehe 11 Februari 2011, mjini London, alisimama pamoja na Steve Ballmer wa Microsoft kutangaza kwamba simu-janja za Nokia zitahamia Windows Phone. Huko Qt haikuwa na nafasi. Sisi tuliosoma tunaujua uchungu wa kubadilishiwa silabasi mtihani ukiwa mlangoni! La ajabu zaidi, Nokia ilitumaini kuuza simu milioni 150 nyingine za Symbian, mfumo ambao yenyewe imetangaza kuuzika. Nani anunue? Lumia ya kwanza ilifika madukani Novemba mwaka huo, miezi tisa baadaye.

Basi waliobaki waaminifu wakanunua Lumia. Lumia 900 iliingia soko la Marekani Aprili 2012. Juni mwaka huo huo Microsoft ikatangaza Windows Phone 8, uliojengwa juu ya kiini kipya, na simu zote za Windows Phone 7 hazingeweza kuupokea. Zilipewa 7.8, mabadiliko madogo ya kufutia machozi. Mwezi Julai bei ya Lumia 900 kwa mkataba ilishushwa kwa nusu, kutoka dola 100 hadi 50.

Mwaka 2013 Nokia ilikubali kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu kwa yuro bilioni 5.44. Mauzo yalikamilika 2014, na mwaka 2015 Microsoft ilifuta dola bilioni 7.6 vitabuni kama hasara.

Afrika Mashariki vurugu hizi hatukuzihisi sana, maana wengi wetu tulikuwa na kitochi. Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi kichwani, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na haikuhusika na Symbian wala Windows. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, menyu yake ilikaa ndani ya kadi ya simu. Ukihamisha kadi, umehamisha huduma.

Biashara hiyo ya vitochi Microsoft iliiuza mwaka 2016 kwa dola milioni 350, na jina la Nokia likaenda kwa kampuni ya HMD ya Finland. Simu-janja yao ya kwanza, Nokia 6 ya Januari 2017, ilitumia Android, mfumo ambao Elop aliupa kisogo mwaka 2011.