Karanga za Kongwa na Nchi Iliyodhaniwa Tupu

Mwaka 1946, vita vikuu vya pili vikiwa vimekwisha na Uingereza imetoka mshindi lakini hali yake taabani, mama wa nyumba wa London alikuwa bado akisimama foleni na kitabu chake cha mgao mkononi, apimiwe siagi na majarini kwa wakia, naye John Strachey, Waziri wa Chakula katika serikali ya chama cha Leba, alikuwa na mtihani usiompa usingizi: mafuta ya kula yatatoka wapi, ilhali Bara Hindi, iliyozoea kuuza karanga nje kwa wingi, sasa ilikuwa na midomo yake yenyewe ya kulisha, na dola za Kimarekani za kununulia kwingine zilikuwa adimu? Jawabu la mtihani huo lilitafutwa Tanganyika, nchi ambayo mwaka huohuo iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na ambayo kwa hiyo Mwingereza aliishika kama amana na si kama milki.

Aliyeitoa rai hiyo kwanza alikuwa tajiri wa tijara, si mkulima. Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa tawi la Unilever na iliyotamalaki biashara ya Afrika ya Magharibi, aliizuru Tanganyika mapema mwaka huo, akaona karanga zikistawi katika vishamba vya wenyeji waliolima kwa jembe la mkono, akajiambia kwamba ikiwa jembe laweza haya, basi mashine itaweza mara elfu. Serikali ilimsikiliza. Mwezi wa Juni ilituma ujumbe wa watu watatu chini ya John Wakefield, aliyekuwa zamani mkuu wa idara ya kilimo ya Tanganyika, nao katika wiki tisa, sehemu kubwa ya safari wakiwa angani ndani ya eropleni, wakakagua nchi tatu na kurudi na taarifa iliyojaa hesabu zilizonyoka kama mistari ya daftari: mashamba 107, kila moja ekari 30,000, yaani jumla ya ekari 3,210,000, themanini kati ya mashamba hayo yakiwa Tanganyika, kumi na saba Rhodesia ya Kaskazini na kumi Kenya, gharama pauni milioni ishirini na nne hivi, na mavuno, kazi ikishatimia, tani laki sita kwa mwaka na zaidi.

Ikasemwa pia, na sina shaka kwamba waliosema walikuwa na nia safi, kwamba mpango huu ungempatia Mwingereza majarini na papo hapo ungemwonyesha Mwafrika jinsi ya kuuaga ufukara, na kwamba siku moja mashamba hayo yangekuja kuwa mali ya watu wa nchi. Nataja nia hiyo kwa sababu historia ya misaada na ushirikiano wa kigeni haielezeki kwa ulafi peke yake; mara nyingi mlafi na mfadhili wamekaa katika kiti kimoja, wakavaa koti moja, na wakatia saini kwa kalamu moja.

Mahali palipochaguliwa pa kuanzia ni Kongwa, upande wa mashariki wa Ugogo, si mbali sana na reli ya kati. Sababu za uchaguzi huo zilikuwa mbili, na ya pili ndiyo inayostahili kutafakariwa. Ya kwanza ni kwamba karanga za wenyeji zilizoonekana huko zilikuwa nzuri. Ya pili ni kwamba ardhi ilikuwa tupu: vichaka vizito kwa maili nyingi, pasi na mji wala shamba la mtu wa kuhamishwa, na hivyo pasingekuwa na ugomvi wala fidia. Katika wiki zile tisa haikuulizwa kwa kina ni kwa nini watu, ambao wameishi nchi ile karne nyingi na kuijua kwa unyayo, walikubali kuiacha sehemu kubwa kama hiyo ikae bila mwenyewe.

Wagogo wangeweza kujibu. Nchi yao ni ya mvua chache na zisizo na ahadi, zinazoanza karibu na Disemba na kukoma Aprili, na ambazo mwaka mmoja huweza kunyesha vema katika bonde moja na kulipita jirani lake bila kulitupia tone. Kwa sababu hiyo walipanda mtama na uwele, mazao yanayojua kuvumilia kiu. Na ng'ombe wao hawakuwaweka wote katika zizi moja, bali waliwagawa kwa jamaa na marafiki wa mbali, ili ukame ukishika upande mmoja mtu asifilisike kwa siku moja. Wazee wa mwaka 1946 walikuwa bado wakiikumbuka Mtunya, njaa iliyowaangamiza wengi baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo katika vita vya kwanza, na mvua nayo ikagoma. Utupu wa Kongwa ulikuwa na habari yake: hapakuwa na maji ya kudumu. Kichaka kile kilikuwa jawabu la karne nyingi kwa swali ambalo wataalamu hawakulipa nafasi katika taarifa yao.

Mwanzoni mwa 1947 watu wa kwanza walifika. Huko Uingereza askari waliokuwa wameachishwa jeshi waliomba kazi kwa makumi ya maelfu, na magazeti yakawapachika jina la jeshi la karanga, jina ambalo halikuwa mzaha mtupu, kwa kuwa mpango wote ulikwenda kwa lugha ya vita: mashambulizi, vikosi, ngome. Walakini silaha hazikuwapo. Viwanda vya dunia vilikuwa havijarudi katika hali yake, na matrekta mapya hayakupatikana. Yakanunuliwa matingatinga makuukuu yaliyoachwa na jeshi la Marekani katika visiwa vya Ufilipino, yakiwa na kutu ya bahari na uchovu wa vita. Zaidi ya hayo, kiwanda cha Vickers kilipewa kazi ya kuvigeuza vifaru aina ya Sherman kuwa matrekta, na chombo hicho kilichozaliwa kwa ndoa hiyo kikaitwa Shervick.

Kichaka cha Kongwa kikawasubiri. Juu ya ardhi kilionekana ni miti myembamba tu iliyosongamana, lakini chini yake mizizi ilikuwa imefungamana kama wavu wa jarife, migumu, mirefu, na kila jembe la chuma lililoshushwa lilirudi limepinda au limekatika. Walijaribu kufunga mnyororo mzito wa nanga ya meli baina ya matrekta mawili na kuukokota msituni, ukang'oa miti lakini ukaiacha mizizi. Mibuyu ilikuwa taabu ya aina yake, si kwa unene wake tu, bali kwa kuwa ndani yake mliishi nyuki ambao hawakupata kusikia habari ya siagi ya London, na waliokuwa tayari kumpeleka hospitali kila mwenye tingatinga aliyewagusa. Ilipofika Septemba, theluthi mbili ya mashine zilikuwa zimelala kungoja vipuri. Ahadi ya mwaka wa kwanza ilikuwa ekari 150,000. Zilizopatikana zilikuwa kiasi cha 7,500.

Mambo ya watu nayo hayakuwa mepesi. Maelfu ya vibarua walikusanyika mahali ambapo jana palikuwa kichaka, maji yakawa ya kuletwa kutoka mbali, na bei ya chakula Ugogo ikapaa, kwa sababu kuku na nafaka zilizokuwa zikimtosha mwenyeji sasa zilikwenda kwa mwenye mshahara. Mwezi huohuo wa Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kudai ujira ulio sawa na ughali wa maisha, na mgomo ukasafiri kwa njia ya reli, stesheni kwa stesheni, hadi ukafika kwa watu wa karanga. Mtu aliyeambiwa kwamba maendeleo yamemfuata hadi mlangoni alikuwa sasa akiuliza maendeleo hayo yanalipa shilingi ngapi kwa mwezi, na swali lake, kwa maoni yangu, lilikuwa la kiuchumi kuliko mengi yaliyomo katika taarifa ya Wakefield.

Mwaka 1948 kampuni ya Frank Samuel, iliyokuwa ikiusimamia mpango hadi hapo, ilikabidhi kazi kwa shirika la serikali lililoundwa makusudi, Overseas Food Corporation, chini ya uenyekiti wa Leslie Plummer, aliyepata uzoefu wake katika uendeshaji wa magazeti. Na Meja Jenerali Desmond Harrison akapelekwa Kongwa kusimamia papo hapo. Hapo ndipo adui wa mwisho alipojidhihirisha, naye alikuwa udongo wenyewe. Ulikuwa udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mkali uliokula vyuma kama tupa. Mvua ikinyesha hulainika, jua likiwaka hukauka ukawa tofali, na karanga, ambayo kwa hulka yake huchimbia watoto wake ardhini, ikajikuta imejengewa kaburi. Mashine ya kuvuna haikuweza kuupasua. Wakaingiza alizeti, mmea unaozaa juu ya ardhi, lakini ukame wa mwaka 1949 ukaipitia nayo.

Bungeni London kicheko kilizidi, na neno karanga likageuka dhihaka ya kisiasa ambayo wapinzani hawakuchoka kuitumia. Januari 1951 serikali ilikubali kushindwa. Mpango mkubwa ukafutwa, na hasara ikaandikwa kuwa zaidi ya pauni milioni 36. Ili kuipima fedha hiyo, kumbuka kwamba ilipita mapato yote ya serikali ya Tanganyika ya miaka mitatu ya wakati ule, serikali iliyokuwa ikisema kila bajeti kwamba hakuna pesa za shule wala za zahanati. Ni kweli kwamba hasara ilimwangukia mlipa kodi wa Kiingereza na si Mgogo. Lakini hakuna mhasibu aliyepata kuandika kitabuni gharama ya miaka minne ambayo mawazo yote, mabehewa yote na wahandisi wote waliopatikana walielekezwa katika kichaka kimoja.

Na hapa niseme jambo ambalo hunishangaza kila nisomapo habari hii. Katika miaka ileile ambayo Shervick zilikuwa zikikatika meno Kongwa, huko Kano, kaskazini mwa Nigeria, magunia ya karanga yalikuwa yamepangwa kama mapiramidi, maelfu kwa maelfu ya tani, yakingoja mabehewa na vichwa vya treni vya kuyafikisha pwani. Karanga hizo zililimwa na wakulima wadogo wa Kihausa kwa jembe la mkono, kila mtu katika shamba lake, bila mkopo wa serikali wala jenerali. Wanunuzi walijulikana, mmojawapo mkubwa akiwa kampuni ileile ya Frank Samuel. Mafuta aliyoyatamani mama wa London yalikuwa tayari ndani ya maganda, na kilichopungua ni usafiri. Lakini kununua vichwa vya treni kwa ajili ya mkulima wa Kano hakuna haiba ya kulivunja pori la Afrika kwa vifaru, wala hakumpi waziri hotuba ya kusisimua. Na nadhani katika tofauti hiyo imefichika sehemu kubwa ya siri ya miradi iliyofuata baadaye, ikiwamo ile tuliyoibuni wenyewe baada ya uhuru.

Maana tabia ya kuiona ardhi ya mtu kuwa tupu haikufa na Mwingereza. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, nyanda za Hanang' zililimwa mashamba makubwa ya ngano kwa matrekta, ekari zipatazo laki moja, na nyanda hizo zilizosemwa hazina kazi zilikuwa malisho ya Wabarabaig, pamoja na makaburi ya wazee wao. Kesi zao zilifika mahakamani. Ngano ilipatikana, tofauti na karanga, ila kwa mashine, vipuri na wataalamu wa kuletwa.

Kongwa haikubaki mahame. Sehemu yake ikawa ranchi ya ng'ombe, matumizi ambayo yangeweza kupendekezwa na mchungaji yeyote wa Kigogo kabla ya pauni ya kwanza kutumika. Tangu 1964 wapigania uhuru wa kusini, FRELIMO, ANC, SWAPO na wengineo, walipewa kambi pale, wakafanya mazoezi katika nchi iliyokusudiwa kuzalisha majarini. Urambo, kule Tabora, palipokuwa na tawi la pili la mpango, pakapata nafuu kwa tumbaku, na tumbaku hiyo ilikuja kulimwa na wakulima wadogo.

Tawi la tatu lilikuwa Nachingwea, na kwa ajili yake ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, maili chache kutoka mji wa kale wa Mikindani, pamoja na reli ya kuzileta karanga kutoka bara. Gati lilifunguliwa 1954, miaka mitatu baada ya mpango kufutwa. Reli iliendelea kuhesabu hasara hadi ilipofungwa 1962, kisha mataruma na vyuma vyake vikang'olewa. Gati lenyewe halikuweza kung'olewa, nalo limebakia hadi leo. Na msimu ukifika, malori kutoka Masasi, Newala, Tandahimba na Nachingwea hupanga mstari kuelekea bandarini, yamesheheni magunia ya korosho zilizookotwa chini ya mikorosho ya watu wenye ekari mbili, tatu.