Wafinyanzi wa Kivu na Udongo wa Watu

Mji wa Bukavu huko Kivu, mashariki mwa Kongo, ulianzishwa mwaka 1901, lakini vyungu vya Kivu vina umri mkubwa kuliko mji. Jean Hiernaux na Emma Maquet, katika maandishi yao ya 1957 na 1960, walieleza vigae vya aina ya Urewe vilivyofukuliwa Rwanda, Burundi na Kivu, kazi ya wafua chuma wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Katika Bushi, nchi ya Washi huko Kivu, ufinyanzi ukaja kujulikana kuwa kazi ya Watwa, watu wa asili wa msituni, hasa wanawake wao. Gurudumu hawatumii. Udongo huchimbwa kinamasini, huchambuliwa mizizi na mawe, hukandwa, kisha hupandishwa ukanda juu ya ukanda. Chungu kingali kibichi, kamba iliyosokotwa hubiringishwa juu yake ili iache nakshi. Vikikauka, vyungu hurundikwa uwanjani, hufunikwa nyasi na kuni, na moto huwashwa. Moto huo wa wazi kwa kawaida haufiki nyuzi 1,000. Majivu yake hubaki majivu, na chungu hutoa jasho. Ndiyo sababu maji yake ni ya baridi.

Linganisha na Japani: huko tanuri hupita nyuzi 1,200, na majivu ya kuni huyeyuka na kuwa ganda la kioo juu ya udongo. Mfinyanzi wa huko, Hamada Shoji, alikwenda kuishi katika mji wa Mashiko mwaka 1924, akafinyanga kwa udongo wa hapo na kuutia majivu ya hapo. Sheria ya 1950 ya kulinda urithi ilipoanza kuwatukuza mafundi, yeye alikuwa miongoni mwa waliotajwa mwaka 1955.

Kivu sheria ilimfikia mfinyanzi kwa sura nyingine. Tarehe 30 Novemba 1970 hifadhi ya Kahuzi-Biega ilitangazwa, na mwaka 1975 ikapanuliwa hadi kilomita za mraba 6,000. Maelfu ya Watwa walitolewa msituni bila fidia. Waliotoka walikaa pembeni mwa mashamba ya wengine, na kuni na udongo vikawa vitu vya kuombwa. Wakati huohuo mjini bidoni lilichukua nafasi ya mtungi, sufuria ya alumini ikakaa juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, na chupa za bia za kiwanda cha Bralima zikapunguza haja ya vyungu vya kasiksi, pombe ya ndizi.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Mtwa hakuwa na hata shimo la kuchimbia udongo wa hicho kigae.

Tarehe 15 Julai 2022 Kongo ilipata sheria ya kulinda haki za watu wa asili Wambilikimo. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwamba Watwa wa Kahuzi-Biega walidhulumiwa, na kwamba warudishiwe ardhi, walipwe fidia na kuombwa radhi hadharani. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na serikali iliyoambiwa itekeleze ikapoteza mamlaka mjini.

Miradi ya kuwafundisha Watwa ufinyanzi inawapa wanachokijua tayari. Wanachokosa ni hati ya kinamasi na ruhusa ya kuokota kuni. Atakayetaka vyungu vya Kivu viendelee aanzie hapo.