Asili ya neno «forget»

Kila mwaka wanafunzi wetu wakutanapo na kitenzi cha Kiingereza forget, hukikata vipande viwili: for, wanayoifasiri kwa pour ya Kifaransa, na get, yaani kupata. Kisha huuliza: yawezekanaje «kupata kwa ajili ya» kukawa kusahau?

Kosa limo katika kipande cha kwanza. For hiyo si kihusishi. Ni kiambishi awali cha kale, ndugu wa ver- ya Kijerumani, chenye kuleta maana ya kupoteza, kukataza au kuacha; ndicho kilichomo katika forbid, kukataza, na forsake, kumtupa mtu. Kabla ya mwaka 1066 Waingereza waliandika forgietan, na g yake ilitamkwa kama y yetu. Wajerumani nao husema vergessen, Waholanzi vergeten. G ngumu ya leo imetokana na geta ya Waskandinavia, walioanza kuishambulia Uingereza mwishoni mwa karne ya 8, kisha wengi wao wakalowea huko.

Lakini jambo lenye uzito zaidi ni mzizi. Maana yake ya kale ni kushika, na mzizi huohuo ndio uliozaa prehendere ya Kilatini, na kwayo prendre na comprendre. Basi asahauye kwa Kiingereza ni mtu aliyeponyokwa na kitu mkononi. Picha hii si ngeni kwetu: nasi husema mtoto ameshika somo, au jina limenitoka.

Oublier ilipita njia nyingine. Asili yake ni oblivisci ya Kilatini, ambayo wataalamu wengi huihusisha na wazo la kulainisha, yaani kufuta. Hapo mkono hauna hatia. Maandishi ndiyo yaliyofutika.

Na sahau yetu je? Kiarabu kina nasiya kwa kusahau kwenyewe. Sisi tulichukua sahā, kughafilika. Waislamu wanaijua sijida ya kusahau, ambayo humpasa aliyeghafilika katika sala, kwa mfano akakosea hesabu ya rakaa. Kitu hakikuponyoka wala hakikufutika: moyo ulikuwa kwingine. Ni kweli kwamba matumizi ya leo yameipanua maana hiyo, wala hatudai kwamba asili ya neno ndiyo maana yake. Hata hivyo maana ya kale haijafa. Tunaposema fulani amejisahau, hatusemi kwamba kumbukumbu yake imeharibika, bali kwamba ameacha kujiangalia. Na hapo oublier peke yake haimtoshi mfasiri.