Jiwe la Sukhothai na Ubishi wa Wanahistoria wa Thailand

Katika Makumbusho ya Taifa ya Bangkok ipo nguzo ya jiwe yenye pande nne, na pande zote zimechongwa maandishi. Watoto wa Thailand hufundishwa kwamba maandishi hayo ni ya mwaka 1292, kwamba aliyeyaamuru ni Mfalme Ramkhamhaeng wa Sukhothai, na kwamba hakuna ya Kithai yaliyoyatangulia. Yanausifu mji wenye neema, ambako mfanyabiashara hatozwi ushuru njiani na mwenye dhiki huenda kugonga kengele langoni ili mfalme atoke amsikilize. Aliyelileta jiwe hilo Bangkok mwaka 1833 ni Mwanamfalme Mongkut, wakati huo mtawa wa Kibudha, ambaye miaka 18 baadaye alikalia kiti cha enzi. Ingekuwa ni kumbukumbu ya kale tu, wataalamu wangeshabishana juu yake na kusahau. Lakini picha ya mfalme mwema aliye baba wa raia zake imejengwa juu ya jiwe hilo, na kuligusa ni kuugusa ufalme wenyewe.

Kwingi katika Asia na Afrika, kizazi cha kwanza cha wanahistoria wa vyuo vikuu kilijua kazi yake tangu mwanzo: kuichukua historia ya nchi kutoka mikononi mwa mkoloni. Siam, kama Thailand ilivyoitwa hadi 1939, haikuwahi kuwa koloni. Waliokuwa wa kwanza kuiandika historia yake kwa mbinu za kisasa walikuwa wenyeji, tena jamaa wa mfalme. Aliyekuja baadaye na maswali magumu alijikuta anabishana na ukoo unaotawala, jeshi na wizara ya elimu ya nchi yake mwenyewe. Naona hapo ndipo ilipo nguvu ya utafiti wa Kithai katika fani za utu na jamii, na hapo hapo ndipo yalipotoka majeraha yake.

Mwanamfalme Damrong Rajanubhab, aliyezaliwa 1862 na kufariki 1943, huitwa baba wa historia ya Thailand. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kwa zaidi ya miaka 20, na ndiye aliyesuka utawala wa mikoa uliozifunga falme ndogo za pembezoni kwa Bangkok. Mtu huyo huyo alikusanya tarihi za kale, akazichapisha, na akaandika kitabu mashuhuri juu ya vita vya Wathai na Waburma. Mwamba ngoma huvutia kwake: katika kurasa zake nchi huokolewa na wafalme, adui hutoka nje, na mkulima huonekana anapohitajika vitani. Hata hivyo, ni dhuluma kumwita mpiga propaganda tu. Alilinganisha nakala, alitilia shaka tarehe, na bila nyaraka alizozinusuru wapinzani wake wa baadaye wasingekuwa na cha kumpingia.

Wapo watakaosema kwamba huu uhuru wa Siam unatiwa chumvi. Mkataba wa Bowring wa 1855 uliwapa Waingereza haki ya kutohukumiwa na mahakama za nchi, wageni walikuwa wengi miongoni mwa waanzilishi wa Jumuiya ya Siam mwaka 1904, na Mfaransa George Cœdès ndiye aliyeongoza maktaba ya kitaifa kuanzia 1918 na kuchapisha maandishi ya mawe ya Sukhothai mwaka 1924. Yote ni kweli. Lakini Cœdès aliajiriwa na serikali ya Siam na alifanya kazi bega kwa bega na Damrong. Elimu yake iliipa nguvu simulizi ya ikulu, haikuipindua. Mbinu zilitoka Paris, ila maswali yaliulizwa Bangkok.

Pigo la kwanza zito lilitoka kwa kijana wa fani ya lugha. Jit Phumisak alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chulalongkorn, kilichoanzishwa 1917 na kupewa jina la mfalme. Mwaka 1953 alihariri kitabu cha mwaka cha wanafunzi na kutia humo makala zilizowaudhi wakubwa. Wanafunzi wenzake walimtupa chini kutoka jukwaani mbele ya hadhara, kisha chuo kikamsimamisha masomo. Mwaka 1957 alitoa, kwa jina la bandia, uchambuzi wa ukabaila wa Kithai katika jarida la wanasheria wa Chuo Kikuu cha Thammasat. Ushahidi wake aliuchota kwenye sheria za kale za wafalme wenyewe. Katika sheria hizo kila mtu alipewa cheo kilichopimwa kwa eneo la mashamba: mtumwa 5, mtu huru wa kawaida 25, waziri mkubwa 10,000. Damrong aliona hapo nchi yenye mpangilio. Jit aliona orodha ya nani anamfanyia nani kazi. Alikamatwa 1958 chini ya utawala wa Jenerali Sarit, akakaa kifungoni miaka sita, na humo aliandika utafiti wa kina juu ya asili ya majina ya watu wa eneo lile, kazi ambayo hata wasiomkubali kisiasa huisoma. Aliuawa kwa risasi mwaka 1966 katika mkoa wa Sakon Nakhon, baada ya kujiunga na wapiganaji wa Kikomunisti msituni.

Inawezekana kusema kwamba Jit naye alivaa miwani ya kuazima, ya Karl Marx, na kuilazimisha historia ya Asia iingie katika ngazi zilizochorwa Ulaya. Pingamizi hilo lina uzito, na aliyelijibu vizuri kuliko wote ni Nidhi Eoseewong wa Chuo Kikuu cha Chiang Mai. Katika kitabu chake cha 1984 juu ya kalamu na tanga, Nidhi hakuanza na nadharia. Alianza na mashairi na ngano za Bangkok ya mwanzo wa karne ya 19, akazisoma sambamba na biashara ya majahazi ya China. Alionyesha kwamba mabwana wa mji mpya walikuwa tayari na fikra za kibiashara kabla ya mkataba wa Bowring. Kwa hoja hiyo moja ilianguka imani kwamba mabadiliko yote yaliletwa na Wazungu, na pamoja nayo imani kwamba wafalme werevu ndio walioyatoa juu na kuwagawia raia. Kwangu hiki ndicho kitabu bora cha historia kilichotoka Thailand.

Tarehe 6 Oktoba 1976 askari na makundi ya mrengo wa kulia waliwashambulia wanafunzi ndani ya Thammasat. Hesabu rasmi ya waliokufa ni 46. Mkuu wa chuo, mchumi Puey Ungphakorn, alikimbilia Uingereza. Kiongozi mmoja wa wanafunzi, Thongchai Winichakul, alifungwa hadi 1978, kisha akasomea Australia na kufundisha Marekani. Kitabu chake cha 1994 kilionyesha jinsi ramani ya kisasa ilivyoizaa nchi yenye umbo moja mahali ambapo zamani palikuwa na falme ndogo zilizolipa kodi kwa mabwana wawili au watatu kwa mpigo. Ardhi ambayo vitabu vya shule husema ilinyakuliwa na Wafaransa mara nyingi haikuwa na mpaka wa kunyakuliwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 zamu ililifikia jiwe lenyewe. Mwanahistoria Michael Vickery, kisha mwanahistoria wa sanaa Piriya Krairiksh, walitoa hoja kwamba lilichongwa karne ya 19, wakati wa Mongkut. Walitazama irabu: katika jiwe hili zimepangwa mstari mmoja na konsonanti, ilhali maandishi mengine ya Sukhothai huziweka juu na chini, na Mongkut mwenyewe alibuni hati yenye mpangilio kama huo. Idara ya Sanaa iliagiza uchunguzi wa darubini ya elektroni, nao ukatoa matokeo kwamba uchakavu wake unafanana na wa mawe mengine ya enzi ya Sukhothai. UNESCO iliorodhesha jiwe hilo mwaka 2003. Wengi wa wataalamu leo wanalikubali, na ushahidi wa maabara si wa kupuuzwa. Ila ubishi ule uliwalazimisha watetezi wa jiwe kuleta vipimo mahali ambapo awali ilitosha kutaja jina la mfalme.

Si kila mtafiti aliyejibiwa kwa darubini. Mwaka 1996 wakazi wa Nakhon Ratchasima waliandamana dhidi ya kitabu kilichotokana na tasnifu ya uzamili, kilichohoji ushujaa wa Thao Suranari, shujaa wa kike wa mji wao, na kueleza siasa zilizosimamisha sanamu yake mwaka 1934. Mchapishaji alikiondoa madukani.

Siku hizi vyuo vya Thailand, kama kwingine, huwapima wahadhiri kwa idadi ya makala katika majarida ya Kiingereza. Kwa fani hizi ni kipimo kibovu: Jit na Nidhi waliandika kazi zao kuu kwa Kithai, kwa wasomaji waliohusika nazo. Asiyesoma Kithai asikate tamaa. Uchambuzi wa Jit ulitafsiriwa kwa Kiingereza na Craig Reynolds mwaka 1987, kitabu cha Nidhi kilifuata 2005, na cha Thongchai kiliandikwa kwa Kiingereza tangu awali. Aanze na Nidhi.