Historia ya Kukisia Mahali pa Protini katika Bakteria, na Homa ya Mapafu ya Ng'ombe

Mji wa Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, Ziwa Tanganyika likiwa magharibi yake na bonde la Ziwa Rukwa mashariki. Nchi hii ni njia ya mifugo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliifanya sehemu iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa kuwa kizuizi, ili sotoka isiteremke kusini. Na baadaye wafugaji wa Kisukuma walihamia bonde la Rukwa na makundi yao. Sotoka ilitangazwa kuwa imekwisha duniani mwaka 2011. Homa ya mapafu ya ng'ombe haikwisha. Ilihesabiwa kuwa imeondolewa Tanzania Bara mwaka 1964, lakini mwaka 1990 iliingia tena kwa mpaka wa kaskazini, ikaenea. Ubaya wake ni kwamba ng'ombe aliyeugua akapona kwa macho aweza kubaki na kidonda kilichofungika ndani ya pafu. Mnunuzi mnadani humwona mzima, akamfikisha nyumbani pamoja na ugonjwa.

Kijidudu kiuletacho, Mycoplasma mycoides, kilioteshwa kwanza na Nocard na Roux huko Ufaransa mwaka 1898. Chanjo itumikayo hata leo katika Afrika ilizaliwa Tanganyika: Sheriff na Piercy walieleza mwaka 1952 jinsi walivyokipitisha kijidudu hicho katika mayai ya kuku yenye viini hai. Kizazi cha 44 ndicho kilichoipa chanjo jina lake, T1/44. Ni chanjo yenye sifa, ila kinga yake hudumu takriban mwaka mmoja, nayo ni kijidudu hai kitakacho ubaridi njia nzima, na mara nyingine huvimbisha vibaya mahali palipochomwa. Kwa sababu hiyo wataalamu walitafuta chanjo ya namna nyingine, isiyotumia kijidudu kizima bali protini zake chache tu. Lakini ni zipi? Zilizo juu ya utando wake ndizo zinazokutana na kinga ya ng'ombe. Zilizofichika ndani hazifai sana. Hapo ndipo lilipoingia swali la mahali.

Protini ni mfuatano wa asidi amino za aina 20, mithili ya neno refu la herufi 20. Katika miaka ya 1970 Günter Blobel, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1999, alionyesha kwamba protini nyingi zinazotolewa nje ya seli hubeba mwanzoni kipande kifupi kinachozielekeza, kisha kipande hicho hukatwa. Mwanaisimu atakifananisha na kiambishi awali, ingawa kiambishi hiki hudondoka neno likishafika lilikokwenda. Gunnar von Heijne wa Uswidi alitoa katika miaka ya 1980 kanuni za kukadiria mahali kinapokatwa. Mwaka 1991 Kenta Nakai na Minoru Kanehisa, huko Japani, walizikusanya kanuni za namna hiyo katika programu ya kompyuta: ikiwa mwanzo wa protini uko hivi, na katikati hivi, basi makao yake ni fulani. Programu hiyo iliitwa PSORT, nayo ilihusu bakteria wenye tando mbili na ilipambanua makao manne. Mrithi wake, PSORTb, ilitolewa Kanada mwaka 2003. Sifa yake kubwa, ambayo yastahili kuigwa na wengi wasio kompyuta, ni kwamba ikikosa ushahidi hujibu kuwa mahali hapajulikani.

Mycoplasma, hata hivyo, haina tando mbili. Haina hata ukuta wa seli. Ina utando mmoja tu. Kuipima kwa kanuni za bakteria wengine ni kosa la jamaa ya lile la kuzivika lugha za Kibantu sarufi ya Kilatini: majibu hupatikana, ila ni majibu ya lugha nyingine. PSORTb ya mwaka 2010 ndiyo iliyotenga nafasi kwa viumbe wa aina hii. Hata maandishi yenyewe ya jeni husomwa tofauti. Herufi UGA, ambazo kwa bakteria walio wengi maana yake ni kikomo, kwa Mycoplasma ni jina la asidi amino iitwayo triptofani. Anayetaka kuitengeneza protini yake ndani ya bakteria mwingine hana budi kwanza kuzibadili herufi hizo, la sivyo protini hukatika katikati.

Jenomu ya aina iitwayo PG1 ilitangazwa nchini Uswidi mwaka 2004: herufi zipatazo 1,200,000 na jeni 985. Kutoka katika orodha kama hiyo kompyuta ilisaidia kuchagua protini zaidi ya 60 zilizodhaniwa kuwa juu ya utando au nje yake, zikatengenezwa na kujaribiwa kwa ng'ombe. Mwaka 2016 Nkando na wenzake walitangaza kwamba baadhi ya mafungu ya protini hizo yalikinga. Lakini mwaka mmoja kabla, Mulongo na wenzake walikuwa wameeleza habari ya LppQ, protini ambayo kukaa kwake juu ya utando hakuna shaka. Ng'ombe waliochanjwa kwa kipande chake, walipoambukizwa, waliugua vibaya kuliko wasiochanjwa, na kinga yao wenyewe ikawadhuru mafigo. Kompyuta haikukosea katika jambo hili, kwa kuwa iliulizwa protini inakaa wapi, si itamfanyia nini ng'ombe.

Hilo la pili lingali likiulizwa mazizini. Wakati huo huo, mganga wa mifugo apandaye Ufipa na kasha la barafu hubeba chanjo ileile iliyotoka katika mayai ya Sheriff na Piercy.