Nasaba ya Tofali la Saruji

Apitaye leo katika vitongoji vipya vya Dar es Salaam au Mombasa hakosi kuona safu za matofali ya saruji zilizopangwa kiwanjani, zikingojea mwenyewe apate fedha za kuendelea na ujenzi. Aghalabu hatuyatazami mara mbili. Lakini tofali hili lina nasaba, na nasaba yake imo ndani ya historia ya watu wa pwani.

Mababu walijenga kwa mawe zamani sana kabla ya kuijua saruji ya leo. Jiwe gumu la matumbawe lilichimbwa nchi kavu. Tumbawe laini lilikatwa baharini, likachongwa mihirabu na miimo ya milango lingali bichi. Mawe yalishikwa kwa chokaa, nayo chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuu la magogo, kisha kuyazima kwa maji. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazikuzidi sana mita 3, vyumba vilikuwa virefu na vyembamba. Mkoko ndio uliompimia tajiri upana wa chumba chake.

Majengo hayo yalikuwa mazuri, lakini hayakuwa ya wote. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliueleza mji ule kuwa ni wa nyumba za mbao. Ilhali magofu ya Husuni Kubwa, jumba la mawe la karne ya 14, yangaliko huko hata leo. Mambo haya mawili hayapingani. Mawe yalikuwa ya sultani, ya msikiti na ya mwenye mali. Watu wengi walikaa katika nyumba za miti, udongo na makuti. Tena, katika karne ya 19, watumwa walitoa jasho lao katika ujenzi wa majumba ya Unguja. Asifuye ukuta asiitaje mikono iliyouinua amesoma nusu ya historia.

Badiliko lilitoka mbali. Mwaka 1824 Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds huko Uingereza, alipata hataza ya saruji aliyoiita Portland, kwa kuwa ilifanana na jiwe la mahali hapo. Mwaka 1900 Harmon S. Palmer wa Marekani alipata hataza ya mashine ya kutengeneza matofali ya zege yenye uwazi ndani. Kwetu saruji ilikuja kwanza kwa meli. Kisha kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kikaanza kuitoa mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Neno lenyewe ni kongwe kuliko unga huo: limetoka katika Kiajemi, na maana yake ya asili ni lipu ya chokaa.

Wala jina silo udugu pekee. Jiwe lichimbwalo Bamburi ni matumbawe ya kale. Mababu waliyachoma kwa moto wa kadiri ya nyuzi 900 wakapata chokaa. Kiwanda huyachanganya na udongo, kikayachoma kwa nyuzi zipatazo 1,450, kikapata saruji. Kwa hiyo tofali la kijivu ni mjukuu wa tumbawe.

Basi kilichobadilika ni nini? Kwanza, ni mwenye ukuta. Kwa kalibu moja, mchanga, maji na mfuko wa saruji, vijana wawili hufyatua tofali la inchi 18 kwa 9 kwa 6. Mwalimu au mchuuzi hununua machache mwezi huu na machache mwezi ujao, hata nyumba ikasimama. Heshima ya wachache imekuwa tamaa halali ya wengi, na hilo si jambo dogo.

Pili, ni mahali pa uaminifu. Unene wa ukuta wa kale ulionekana kwa macho. Wema wa tofali umejificha ndani yake. Kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya saruji kwa sita za mchanga. Tofali lapasa kumwagiwa maji siku 7 au zaidi, na nguvu zake hupimwa siku ya 28. Mfyatuaji akipunja saruji, au akilianika juani bila maji, siku ya kuuza tofali lake hufanana na la mwenzake mwaminifu. Tofauti huonekana baadaye, nyumba ikiwa imejaa watoto.

Tena mjukuu asidhani kwamba aweza kushika kazi zote za babu. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, kuta za matumbawe hupumua kwa chokaa. Zikipakwa lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, na ukuta huoza nyuma ya uso mzuri. Anayekarabati bila kujua nasaba huharibu anachotaka kukiponya.

Mababu waliingoja chokaa, wala hawakuiharakisha. Tofali la saruji limetupunguzia gharama, halikutuondolea kungoja. Ajengaye na akumbuke kwamba siku zile saba za maji ni sehemu ya ukuta, kama mchanga na saruji yenyewe.